Shada ambalo halikuwahi kukaa kwenye chombo: kazi ya Rachel Ruysch safu kwa safu

Tulipu za Uholanzi huchanua Aprili na Mei. Pioni hufuata mwishoni mwa Mei. Waridi la bustani za zamani, lile lenye petali nyingi mno hata linainama kwa uzito wake, huja Juni na kwisha baada ya wiki chache, kwa kuwa mawaridi ya Ulaya ya wakati ule mengi hayakuwa na tabia ya kurudia kuchanua kama haya tunayonunua leo. Yale maua ya buluu yenye umbo la tarumbeta, ya jamii ya kiazi kitamu, husubiri kiangazi kikolee. Hufunguka alfajiri na jioni yamekwisha sinyaa. Sasa simama mbele ya picha ya Rachel Ruysch, mchoraji wa maua wa Amsterdam wa karne ya 17 na 18. Yote yamo, yote yamefunguka, yamebanana ndani ya chombo kimoja, na hakuna hata moja lililochoka kwa kuwasubiri wenzake.

Shada hilo halikuwahi kuwepo. Lilijengwa kwa miezi, ua baada ya ua, kila moja likichorwa msimu wake ulipofika au kutoka kwenye michoro ya akiba. Jan van Huysum, aliyechora maua katika mji huohuo wa Amsterdam, aliwahi kumwandikia mteja kwamba picha imechelewa kwa sababu mwaka uliotangulia hakupata waridi la manjano. Picha yake moja iliyoko National Gallery mjini London, ya maua ndani ya chombo cha udongo, ina tarehe mbili, 1736 na 1737. Kwa hiyo anayemsifu Ruysch kwa kuiga asili anaisifu nusu ya kazi tu. Ua mojamoja ni la kweli hadi mshipa wa jani. Shada zima ni hesabu. Hesabu hiyo ndiyo inayonivutia, na mtu anaweza kuifuata kwa macho akijua pa kutazama.

Maisha yake kwa kifupi, maana yanaeleza mengi. Alizaliwa Den Haag mwaka 1664 na kukulia Amsterdam. Baba yake, Frederik Ruysch, alikuwa bingwa wa anatomia aliyejulikana Ulaya nzima kwa kuhifadhi viungo vya wanadamu na viumbe wengine ndani ya chupa, na tangu 1685 alikuwa profesa wa botania katika bustani ya mimea ya mji. Mkusanyo wake ulinunuliwa na Tsar Peter wa Urusi mwaka 1717 kwa gilda 30,000. Nyumbani kwa binti huyu, basi, mdudu na mmea vilikuwa vitu vya kukaguliwa kwa karibu, kuhifadhiwa na kupewa majina. Bustani ile ilipokea pia mimea iliyoletwa na meli kutoka Rasi ya Tumaini Jema, Asia na Amerika, ndiyo maana katika baadhi ya picha zake utakuta mimea ambayo mkulima wa Kiholanzi hakuwahi kuiona shambani kwake.

Akiwa na miaka 15, mwaka 1679, alipelekwa kuwa mwanagenzi wa Willem van Aelst, mchoraji wa maua mwenye jina kubwa, akabaki naye hadi mzee yule alipofariki 1683. Mwaka 1693 aliolewa na Juriaen Pool, mchoraji wa sura za watu, wakapata watoto kumi. Mwaka 1701 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Confrerie Pictura, chama cha wachoraji cha Den Haag. Kuanzia 1708 hadi 1716 alikuwa mchoraji wa Johann Wilhelm, mtawala wa Palatinate aliyekaa Düsseldorf, kwa makubaliano kwamba Ruysch angebaki kwake Amsterdam na kupeleka kazi. Picha zake ziliuzwa kati ya gilda 750 na 1,200, wakati ambapo fundi mzuri alipata takriban gilda 300 kwa mwaka mzima. Bei hiyo haikutokana na huruma kwa mama mwenye watoto wengi. Wanunuzi walijua saa zilizoingia mle.

Msingi wa picha

Chukua ile iliyoko Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, maua juu ya meza ya marumaru, ya mwaka 1716. Ni sentimita 48.5 kwa 39.5, yaani ukubwa ulio kati ya karatasi ya A3 na ya A2. Watu wengi huishangaa, kwa sababu kwenye skrini inaonekana kama ya ukuta mzima. Udogo huo una maana yake: maua yamechorwa karibu na ukubwa wake halisi au madogo kidogo, na mtazamaji analazimika kusogea hadi aone miguu ya sisimizi.

Wachoraji wa Uholanzi wa wakati huo walifanya kazi juu ya kitani au ubao wa mwaloni. Kitani hupakwa kwanza gundi iliyochemshwa kutoka ngozi za wanyama, ili mafuta ya rangi yasiguse nyuzi na kuziozesha. Juu yake huja tabaka la msingi: chaki, udongo wa rangi na nyeupe ya risasi vilivyosagwa pamoja na mafuta ya kitani. Tabaka hilo mara nyingi lilikuwa la kijivu au hudhurungi, na sababu yake ni ya kikazi kabisa. Juu ya weupe, kila rangi unayoweka inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, kwa hiyo unaogopa vivuli na shada linakuwa jepesi. Juu ya rangi ya kati, jicho linapima kivuli na mng'ao kwa wakati mmoja.

Msingi huo una deni lake. Kadiri miaka inavyopita, rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga, na kilicho chini hupanda juu. Sehemu zilizopakwa nyembamba juu ya msingi wa giza huzama. Ukiona pembeni mwa picha ya zamani majani yamemezwa na weusi kana kwamba mchoraji hakuyajali, usiharakishe kumlaumu. Huenda yalisomeka vizuri siku ilipotoka chumbani kwake.

Mstari unaobeba maua

Kabla ya kizazi cha Van Aelst, shada la Kiholanzi lilipangwa kama feni iliyofunguliwa: ua kubwa katikati, mengine kushoto na kulia kwa usawa, kila moja likikutazama usoni. Van Aelst alilipindua. Shada lake linaegemea upande, na Ruysch alilichukua wazo hilo akalipeleka mbali kuliko mwalimu wake. Mara nyingi kazi yake imefungwa kwenye mstari mmoja wenye umbo la S: unaanzia chini upande mmoja, kwenye kikonyo kilichovunjika kinachoning'inia ukingoni mwa marumaru, unapita tumboni mwa shada palipo na maua makubwa ya rangi hafifu, kisha unatoka juu upande wa pili kwa bua refu lenye popi au tumba lisilofunguka.

Angalia namna alivyogawa rangi juu ya mstari huo. Nyeupe na waridi-hafifu ziko katikati. Nyekundu na machungwa zinazizunguka. Buluu, zambarau na hudhurungi ziko nje, zimepunguzwa nguvu, nyingine zimegeuza mgongo. Chombo chenyewe kimeachwa gizani karibu kutoonekana, isipokuwa doa la mwanga ubavuni. Hapo ndipo wanaonakili hukosea kwanza: huchora chombo kwa upendo mwingi, kikang'aa, na jicho likateremka huko na kukwama.

Kuna hila moja ya usuli ambayo nadhani ndiyo iliyobeba uzuri wa picha zake nyingi. Nuru inatoka juu kushoto. Lakini nyuma ya upande wenye nuru ya shada, usuli ni mweusi zaidi. Nyuma ya upande wenye kivuli, usuli umefunguka kidogo kuwa kijivu-hudhurungi. Ua lenye mwanga hukaa mbele ya giza, jani lenye giza hukaa mbele ya mwangaza. Bila mbadilishano huo, upande wa kulia wa shada ungekuwa bonge moja jeusi.

Rangi mfu

Waholanzi waliliita tabaka la kwanza la picha kwa neno lenye maana ya rangi mfu. Katika hatua hii kila ua ni duara bapa tu: pinki ya vumbi, nyekundu butu, kijivu-kijani kwa majani. Hakuna petali. Usuli hupakwa mapema, na nafasi za maua makubwa huachwa wazi bila kufunikwa. Maua madogo, mabua membamba na wadudu huja baadaye juu ya usuli uliokwisha kauka.

Ukitaka kujua ua lipi lilikuwa kwenye mpango wa mwanzo na lipi liliongezwa, tazama petali nyembamba za pembeni. Giza likichungulia kutoka chini, ua hilo limekaa juu ya usuli. Likiwa zito na safi, lilikuwa na nafasi yake tangu siku ya kwanza. Hivyo shada lenyewe linakusimulia kalenda yake.

Waridi, kwa hatua

Waridi la pinki ndilo mtihani, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwanza, usilichore petali kwa petali. Ua zima ni mpira wenye bakuli katikati, na ni lazima mpira huo uwe na upande wa nuru, upande wa kivuli na ukingo laini kabla ya petali ya kwanza. Rangi ya chini ni nyeupe ya risasi yenye nyekundu kidogo na chembe ya nyeusi, butu kuliko unavyotamani. Kivuli cha pinki hakitoki kwa kuongeza nyeusi nyingi. Hapo ua huwa kama nyama iliyolala. Upande ulio mbali na nuru hupoa na kuelekea kijivu, lakini katikati ya bakuli, ambako nuru inaruka kutoka petali hadi petali, rangi inakuwa ya moto, karibu machungwa. Ndiyo maana waridi la Ruysch linaonekana lina joto ndani.

Rangi hii ikikauka, petali hugawanywa kwa brashi nyembamba. Ukingo unaopokea nuru hupewa nyeupe nzito, na ukingo huo huo ukigeuka kuingia kivulini huachwa upotee. Kingo zote zikiwa kali, ua linakuwa kabichi. Nimeona nakala nyingi zilizoharibikia hapa tu, na mchoraji akadhani kosa ni la rangi.

Mwisho ni utando: rangi nyembamba inayopitisha mwanga, iliyopakwa juu ya yote na kupanguswa sehemu zinazong'aa. Nyekundu ya utando ilipikwa kutoka mdudu anayeishi kwenye dungusi za Meksiko, au kutoka mizizi ya mmea. Maji yake mekundu hugandishwa kwa shabu hadi yawe unga. Unga huo ni mzuri ajabu na si wa kuaminika. Hupauka kwa mwanga, kama kanga inavyochuja kwa kuanikwa juani. Mawaridi kadhaa tunayoyaona leo meupe kwenye picha za karne zile yalikuwa ya pinki.

Rangi nyingine, na zinazogombana

Popi jekundu halikupauka kwa kiasi hicho, kwa sababu chini ya utando wake kuna zinjifuri, rangi nzito ya zebaki na salfa. Utando ukienda, wekundu unabaki, ingawa kina kimepungua. Manjano imara ilitokana na risasi na bati vilivyochomwa pamoja. Kulikuwa pia na manjano ya zarniki, yenye arseniki, ya dhahabu kuliko zote, lakini hukauka kwa shida, ni sumu, na ilisemwa tangu zamani kwamba isichanganywe na rangi za shaba wala za risasi kwa kuwa huweza kuzifanya nyeusi. Buluu ya thamani ilitokana na jiwe la lapis lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan. Ya bei nafuu ilikuwa kioo cha kobalti kilichosagwa, ambacho ndani ya mafuta huelekea kugeuka kijivu. Katika miaka ya mwanzo ya 1700 ikagunduliwa Berlin buluu ya Prussia, yenye nguvu na nafuu, na wachoraji wa maua wakaipokea kwa mikono miwili.

Kijani ndicho kilikuwa kisa. Hapakuwa na kijani moja iliyofaa kwa majani yote. Kutu ya shaba ilitoa kijani cha zumaridi, lakini kwenye mafuta huweza kuwa hudhurungi. Njia ya kawaida ilikuwa buluu chini au ndani, na manjano ya mmea juu, iliyopikwa kwa shabu na chaki kama ile nyekundu. Manjano hiyo ndiyo ya kwanza kukimbia. Matokeo yake yamejaa kwenye makumbusho: majani ya buluu, buluu ya sare ya shule, katika shada ambalo maua yake bado yana rangi zake. Van Huysum ameathirika sana. Mtu asiyejua hudhani ni mtindo. Jani likibaki kijani kwenye mikunjo au pale fremu ilipolifunika na mwanga, na likawa buluu pengine pote, jibu umelipata.

Kuna kasoro nyingine isiyotokana na mwanga. Risasi iliyomo kwenye rangi huungana na asidi za mafuta na kutengeneza sabuni, kwa kanuni ileile ya kupika mafuta na magadi. Sabuni hiyo hujikusanya chini, ikasukuma juu na kutoa vipele vidogo vyeupe, kama punje za mchanga. Kwenye picha za maua vipele hivyo vinaweza kudhaniwa umande au chavua.

Umande na wadudu

Tone la umande lina sheria inayopingana na akili. Upande unaotazama nuru ndio wenye giza, na ndani ya giza hilo kuna nukta moja ya nyeupe safi. Nuru hupenya tone na kuangaza upande wa pili, kwa hiyo upande wa mbali ndio mweupe. Nje yake, juu ya jani, kuna kivuli chembamba. Mipako minne, hakuna zaidi. Anayezungushia tone mstari mweupe anapata shanga.

Wadudu wa Ruysch wana asili yao kwenye picha za sakafu ya msitu, aina iliyoanzishwa na Otto Marseus van Schrieck, aliyefariki 1678: mizizi ya mti, uyoga, nyoka, mjusi, giza totoro. Ruysch alichora za namna hiyo ujanani. Marseus alikuwa na hila za kifundi zinazostahili kujulikana. Alibandika mbawa halisi za kipepeo kwenye rangi mbichi, magamba yake ya unga yakabaki hapo baada ya ubawa kuondolewa. Nayo ile mimea midogo laini kama zulia inayoota kwenye mawe yenye unyevu ilichovywa rangi na kugongwa kwenye picha kama mhuri, na hakuna brashi inayoweza kutoa ukwaru ule.

Katika kazi zake za ukubwani wadudu wamepungua ukubwa lakini si umuhimu. Sisimizi kwenye petali anakupa kipimo cha ua. Kiwavi anaeleza tundu la kwenye jani. Kipepeo mwenye mbawa zilizofungwa ni umbo la pembetatu lenye ncha kali katikati ya duara nyingi, na jicho linahitaji ncha hiyo. Kwenye makumbusho ya Uffizi mjini Firenze kuna ubao wake wa 1711 wa matunda na wadudu, wenye kiota cha mayai na mjusi, ambao Johann Wilhelm alimpelekea mkwewe, Cosimo III wa Toscana. Ni picha ninayoipenda kuliko mashada yake mengi, kwa kuwa pale hakuna chombo wala marumaru ya kuegemea. Vitu vimekaa chini, na bado mstari wa S unapita katikati yake.

Kwa anayetaka kunakili

Turubai la sentimita 50 kwa 40 linatosha. La pamba linafaa kama kitani hakipatikani. Gundi ya ngozi hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba na kusinyaa, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja hilo ni tatizo la mwaka mzima. Tumia msingi wa akriliki, mipako mitatu myembamba, ukisugua kwa msasa namba 320 kati ya mpako na mpako. Kisha paka kijivu-hudhurungi ya kati na uiache ikauke.

Soma herufi na namba ndogo nyuma ya tyubu, si jina la kibiashara. Nyeupe PW6 ni salama lakini ina nguvu kuliko nyeupe ya risasi na huzima kila inachochanganywa nacho, kwa hiyo iongeze kwa ncha ya kisu. Nyeupe ya zinki, PW4, iepuke kwenye safu za chini, kwa sababu hukauka ikawa gumu na kupasuka. Nyekundu ya alizarini, PR83, hupauka, chukua PV19. Manjano PY154 inahimili mwanga. Buluu PB29, udongo PBr7, nyeusi ya mifupa PBk9 na kijani PG18 vinakamilisha kibao cha rangi. Kwa manjano hiyo na buluu hiyo majani yako yatabaki kijani.

Kwa pinki ya chini anza na sehemu 20 za nyeupe kwa sehemu 1 ya PV19, halafu rekebisha. PV19 ina nguvu. Wengi huanza na moja kwa tano, wakajikuta wanamwaga nyeupe nusu tyubu kuirudisha.

Safu ya kwanza changanya na tapentaini kidogo bila mafuta. Ya pili tumia rangi kama inavyotoka. Ya tatu na utando ongeza mafuta ya kitani, matone mawili au matatu kwa rangi ya ukubwa wa punje ya harage. Mpangilio huo ukigeuzwa, safu ya juu hukauka kabla ya ya chini, ya chini ikaendelea kusogea, na juu pakapasuka. Kumbuka pia kwamba rangi hazikauki sawa: PBr7 yenye manganizi hushika ndani ya siku moja au mbili, nyeusi ya mifupa na PV19 huchukua wiki au zaidi. Usuli wa nyeusi tupu uliopakwa mapema ni mtego. Changanya nyeusi hiyo na PBr7, utapata giza lenye joto zaidi na litakauka kwa pamoja. Tena mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, hayakauki kama maji, hivyo feni haisaidii sana na kabati lenye giza huyafanya yawe ya manjano. Weka picha kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, na uache nafasi ya hewa kati ya turubai na ukuta.

Matambara yenye mafuta ya kitani yasikusanywe yakiwa yamefinyangwa. Yanapata moto yenyewe na kuwaka. Yatandaze yakauke au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

Usianze na mdudu. Ninajua anavutia. Kiwavi aliyechorwa vizuri mapema hukufanya umlinde, na jani lililo chini yake likihitaji kusogezwa hutalisogeza.

Vanishi isubiri miezi sita kwa uchache, mwaka ni bora. Ukiipaka kabla, rangi iliyo chini bado inajongea, na siku vanishi itakapotakiwa kuondolewa utando wako wa pinki unaweza kwenda nayo. Hilo limetokea kwa picha za zamani zilizosafishwa kwa nguvu: waridi linabaki na rangi yake mfu, ua limeondoka.

Saini huwekwa kabla ya vanishi, rangi ikiwa imekauka, kwa brashi ya nywele chache. Ruysch mara nyingi aliiweka ukingoni mwa marumaru, jina na mwaka. Alifariki Amsterdam 1750. Kwenye kazi zake za mwisho, za 1747, aliongeza namba moja zaidi kando ya tarehe, umri wake, 83, na ukisogea utaona kwamba kwenye maua yaliyo juu ya saini hiyo mkono bado ulikuwa unazigawa kingo: huu mkali, huu upotee.